Piramidi Huru, ya Moscow au ya Neva: uchague ipi kwenye biliadi ya Kirusi?

Ukiingia klabu ya biliadi Moscow, Bishkek au Almaty, au hata ukifungua moja ya programu za simu zinazoiga mchezo huu, swali la kwanza ni lilelile: mnacheza piramidi ipi? Aliyekulia kwenye pool ya baa zetu atashangaa, kwa sababu kwa macho zote ni moja. Meza ileile, mipira 15 myeupe imepangwa pembetatu, na mmoja wa rangi unasubiri kupigwa. Lakini ukikubali tu bila kuuliza, unaweza kujikuta umepigwa 8 kwa 1 kabla hujajua kosa lako lilikuwa wapi.

Zinazochezwa zaidi leo ni tatu. Ya kwanza ni Piramidi Huru, ambayo wazee wa Urusi bado wanaiita Amerikanka. Ya pili kwenye vitabu vya kanuni imeandikwa Piramidi Mseto, ila mtaani ni ya Moscow. Ya tatu ni Piramidi Dinamiki, ambayo zamani ilipewa jina la mto Neva unaopita St. Petersburg. Humu nitaziita Huru, Moscow na Neva. Ipo pia ya nne, piramidi ya zamani ya kuhesabu pointi, nitaigusa baadaye kwa kifupi.

Kwanza meza, maana ndiyo inayoadhibu

Meza kamili ya Kirusi ni ya futi 12, na sehemu ya kuchezea ina urefu wa sentimita 355 na upana wa 177.5. Mpira una kipenyo cha milimita 68 na unakaribia gramu 285. Ule wa pool ni milimita 57 na una gramu 170 hivi. Mpaka hapo bado hujatishika. Sasa pima shimo: la kona lina upana wa milimita 72 au 73 tu, na la katikati 82 au 83. Yaani mpira ukipita kona umebakiwa na nafasi ya milimita mbili kila upande. Kwenye pool, shimo la kona linakaribia kupitisha mipira miwili kwa pamoja.

Matokeo yake ni kwamba kile kipigo cha pool cha kugonga ukingo wa shimo halafu mpira ukadondoka wenyewe hapa hakipo. Ukigusa pembe, mpira unatikisika mdomoni, unagonga huku na huku, kisha unatulia palepale ukimsubiri mpinzani wako. Nguvu nayo inakuwa adui, kwa sababu kadiri unavyopiga kwa hasira ndivyo shimo linavyoukataa mpira.

Ndiyo maana Warusi wanaipenda svoyak, yaani kuuingiza shimoni mpira wa kupigia wenyewe. Kwenye pool, mpira wa kupigia ukitumbukia ni faulu. Hapa, ukigonga mpira mwingine kwanza halafu ukaingia shimoni, umepata. Tuseme kuna mpira mweupe nusu mita mbele ya shimo la kona, nawe umesimama upande ambao kuukata uingie haiwezekani. Unalenga kuugonga nusu ya uso wake, mpira wako ukiwa unabingirika vizuri. Mweupe unakwenda zake kando, na wako unapinda nyuzi 30 na kitu kuelekea upande wa pili, moja kwa moja shimoni. Aliyezoea kuogopa mpira wa kupigia usitumbukie atahitaji siku kadhaa kuamini kwamba hicho ndicho kipigo chenyewe.

Vigezo nitakavyotumia

Zote tatu zinachezwa kwa mipira 16, zinaanzia nyumbani (eneo la robo ya meza upande wa anayepasua), na anayefikisha mipira 8 kwanza ndiye mshindi. Faulu inakugharimu mpira mmoja. Kwa hiyo hayo siyapimi. Nitaangalia mambo matano: unapiga kwa mpira upi, svoyak ikiingia nini kinafuata, ulinzi ukoje, gemu linakwenda kwa kasi gani, na mchezo unamfaa nani. Mawili ya kwanza ndiyo mzizi, na hayo mengine yanafuata yenyewe.

Piramidi Huru

*Mpira wa kupigia.* Wowote. Ule wa rangi una kazi wakati wa kupasua tu, baada ya hapo ni mpira kama mingine. Mipira yote 16 ikiwa mezani, kila mmoja unaweza kupigwa ukagonge wowote kati ya 15 iliyobaki, kwa hiyo kuna jozi 240 za kufikiria. Bila shaka nyingi hazina maana, lakini hata sehemu ndogo tu ya hizo inatosha kumchanganya mgeni. Wachezaji wazuri huzunguka meza nzima kabla ya kuinama, na hawafanyi hivyo kwa maringo. Wanatafuta ile jozi moja uliyopita bila kuiona.

*Svoyak.* Ikiingia inakaa kwenye shelfu lako, basi. Hakuna kurudisha wala kupanga upya. Unaendelea na mpira mwingine wowote uliobaki.

*Ulinzi.* Ni mgumu kuliko kwingine kote. Unaweza kumfungia mpinzani njia kumi, akaiona ya kumi na moja. Anayejua kujilinda hapa huacha mipira imeganda kwenye kingo au imerundikana mbali na mashimo, na bado hulala na wasiwasi.

*Kasi.* Ndiyo ya haraka zaidi. Kosa moja dogo mwanzoni linaweza kumpa mwenzako mipira minne mfululizo, na kwa wakubwa, gemu zima.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi wa mchezo, kwa sababu karibu kila zamu kuna kitu cha kujaribu. Pia mtu anayetaka wapinzani wengi: popote inapochezwa biliadi ya Kirusi, Huru huikosi. Lakini msichukulie kwamba ni ya watoto. Ubingwa wa dunia huchezwa kwa kanuni hizi, na majina kama Evgeny Stalev na Diana Mironova, wote mabingwa wa dunia zaidi ya mara moja, yanajulikana kwenye kumbi zote za nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovieti.

Piramidi ya Moscow

*Mpira wa kupigia.* Ni ule wa rangi peke yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Zile jozi 240 sasa zimebaki 15. Wa pool atajisikia nyumbani kidogo.

*Svoyak.* Hapa ndipo utamu ulipo. Mpira wa rangi ukiingia baada ya kugonga mweupe, unachagua mpira mweupe wowote mezani, unautoa na kuuweka kwenye shelfu lako kama pointi. Kisha wa rangi unarudishwa, lakini nyumbani tu. Robo ya sentimita 355 ni kama sentimita 89, kwa hiyo una uhuru wa kuuweka popote ndani ya ukanda huo, na si nje yake.

Kuna maamuzi mawili ambayo mgeni huyafanya ovyo. La kwanza ni mpira gani wa kuutoa. Wengi hutoa ulio karibu na mkono. Anayeujua mchezo hutoa ule ambao mpinzani angeuingiza kirahisi, na kuacha ile ambayo yeye mwenyewe ataifikia kutoka nyumbani. Wakati mwingine hutoa mpira unaoziba njia, hata kama ulikuwa hauna hatari yoyote kwa mtu. La pili linakuja kabla hata ya kupiga: je, hii svoyak inafaa kuchezwa? Kama mipira mingi imekusanyika upande wa mbali, svoyak inakupa pointi moja halafu inakupeleka mwisho wa meza, uanze kupiga mipira ya mita mbili na zaidi kwenye shimo lenye nafasi ya milimita mbili. Mara nyingine ni afadhali kumwingiza mweupe wa kawaida ukabaki karibu na kazi.

*Ulinzi.* Huu ndio moyo wake. Kwa kuwa mpira wa kupigia ni mmoja, ukiuacha umeganda kwenye ukingo nyuma ya rundo, mwenzako ana shida kweli. Zamu tano zinaweza kupita bila mpira kuingia, kila mmoja akisogeza kidogo na kungoja mwenzake ateleze. Watazamaji wasioujua huaga mapema. Kwangu mimi, sehemu hii inanoga kama bao la wazee chini ya mwembe: anayenyamaza muda mrefu ndiye anayepanga ubaya.

*Kasi.* Ni ya taratibu. Alama hupanda moja moja, na aliye nyuma kwa 3 kwa 6 bado yumo mchezoni.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, na mwenye kupenda kuudhibiti mpira wa kupigia. Haimfai anayelipia meza kwa saa huku anamfundisha rafiki yake kushika fimbo.

Piramidi ya Neva

*Mpira wa kupigia.* Wa rangi tu, kama Moscow.

*Svoyak.* Tofauti yake na Moscow ni sentensi moja tu kwenye kanuni: baada ya svoyak na kuchagua mweupe wa kutoa, mpira wa rangi unauweka popote mezani, si nyumbani peke yake.

Hiyo sentensi moja inageuza hesabu yote. Moscow svoyak ina gharama. Neva svoyak ni zawadi juu ya zawadi, kwa sababu unapata pointi, kisha unaokota mpira na kuutia kiganja kimoja nyuma ya mweupe uliokwishakaa mdomoni mwa shimo. Kwa hiyo mchezaji wa Neva huitazama meza kwa mpangilio wa kinyume: kwanza anatafuta svoyak, akiikosa ndipo anatafuta mpira wa kuingiza moja kwa moja. Na mipira iliyo midomoni mwa mashimo haichezi haraka. Anaiacha pale kama akiba, akijua svoyak ikiingia tu atakwenda kuichukua.

*Ulinzi.* Upo, ila una hofu mpya. Moscow ukimwachia mwenzako svoyak ngumu ya pembeni huumii sana. Neva ukifanya hivyo na mipira miwili iko midomoni, unaweza kukaa kitini ukitazama mpaka mwisho. Ulinzi mzuri wa Neva unaanza kwa kuondoa hiyo mipira rahisi, hata kama kuiondoa hakukupi pointi.

*Kasi.* Ya kupanda na kushuka. Kimya kirefu, kisha ghafla mipira mitatu, minne inakwenda kwa pamoja. Wapenda kutazama huielewa haraka zaidi kuliko Moscow, nami nawaelewa.

*Inamfaa nani.* Aliyekwishaizoea svoyak na anataka ilipe vizuri. Anayetoka pool pia huipenda, kwa sababu ile raha ya kuushika mpira na kuuweka unapotaka anaijua tayari, tofauti ni kwamba kule ilitokana na kosa la mpinzani, na huku unajitafutia mwenyewe.

Hali moja kwa kanuni tatu

Tuiweke mezani. Matokeo ni 6 kwa 6, zamu yako. Moscow na Neva maana yake mezani kuna mipira myeupe mitatu na wa rangi. Miwili iko mwisho wa mbali, mmoja wao karibu na mdomo wa shimo la kona. Wa tatu uko jirani na shimo la katikati, na unaiona svoyak pale.

Moscow: svoyak inaingia, umefikisha 7. Unatoa mweupe mmoja, wa rangi unakwenda nyumbani. Sasa lazima upige kutoka mbali, au ujilinde ilhali mpira wa ushindi uko mbele ya macho yako. Kama utaacha ule wa mdomoni na ukakosa, umempa mwenzako chakula kilichokwishaiva. Wengine kwa makusudi wanautoa huo wa mdomoni na kukubali gemu liendelee. Kwa jicho la pool huo ni uoga. Mimi nauona ni uchezaji safi kabisa kama hujiamini kwa umbali ule.

Neva: svoyak, 7. Unatoa mpira wowote isipokuwa ule wa mdomoni. Unaokota wa rangi, unauweka nyuma yake, unapiga polepole. Gemu limekwisha.

Huru: kwa 6 kwa 6 mezani imebaki minne. Unapiga svoyak yako, mpira huo unakwenda shelfuni na inabaki mitatu. Huna nyumbani pa kurudi, huna cha kuokota. Unaangalia hiyo mitatu na kuuliza upi uupige ukagonge upi, jozi sita tu. Pengine unaweza kuutumia ule wa mdomoni wenyewe kama mpira wa kupigia, jambo ambalo kwingine hata halifikiriwi.

Wakifika 7 kwa 7, zote tatu zinakaribiana sana: mipira miwili tu mezani. Tofauti inayobaki ni kwamba kwenye Huru unachagua upi kati ya hiyo miwili uupige, na kwenye nyingine mbili huna uchaguzi.

Ile ya zamani ya pointi

Umeona mipira myeupe ina namba 1 hadi 15? Kwenye zote tatu hapo juu namba hizo hazina kazi. Ni mabaki ya piramidi ya kale, ambayo kila mpira ulihesabiwa kwa namba yake, isipokuwa namba 1, uliokuwa na pointi 11, na mpira wa mwisho uliongezewa 10. Jumla ni pointi 140, hivyo anayefikisha 71 ameshinda. Unataja mpira na shimo kabla ya kupiga. Kuupata mtu wa kucheza nawe si rahisi siku hizi, na inadai kichwa cha hesabu, lakini kama unapenda mchezo ambao mpira mmoja una thamani kuliko mingine kumi, itafute. Sitaiweka kwenye mizani na hizo tatu kwa sababu wanaoanza leo hawakwami hapo.

Basi, kwa hali yako

Kama hujawahi kugusa meza ya Kirusi, anza na Huru kwa wiki za mwanzo. Sababu si kwamba ni rahisi. Ni kwamba itakulazimisha kuziona svoyak kutoka kila upande wa meza, na jicho hilo utalihitaji kokote uendako.

Kama wewe ni mtu wa pool mwenye mkono mzuri wa kuupeleka mpira wa kupigia unakotaka, nenda Moscow moja kwa moja. Huru itakunyima faida uliyonayo, maana mpira unaoujenga vizuri hauna umuhimu wakati mwenzako anaweza kupiga kwa wowote. Ukishachoka na ukimya wake, hamia Neva. Kuanzia Moscow kwenda Neva ni kazi ndogo, kinyume chake kinauma, kwa kuwa unakuwa umezoea kuokota mpira na kuuweka utakapo.

Kama mko watu wa viwango tofauti, mmoja fundi na mwingine anajifunza, chezeni Moscow ikiwa yule mdogo ana subira. Fundi hapati mbio ndefu kirahisi. Neva kwenye hali hiyo ni ukatili, yule fundi akipata svoyak mbili amemaliza. Huru iko katikati: mdogo atapata mipira yake, ila fundi naye atakula mingi.

Mwanafunzi wetu aliyeko Urusi au Asia ya Kati, iwe pale Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa Moscow, ambacho kimepokea Waafrika tangu kilipoanzishwa mwaka 1960, au kwingineko, acheze kile wenyeji wa ukumbi wake wanachocheza. Mpinzani wa kila jioni ana thamani kuliko kanuni unazozipenda.

Anayecheza kwenye simu tu, Neva ndiyo inayovutia zaidi kwenye kioo kidogo, kwa sababu ya kule kuuweka mpira kwa kidole. Huru kwenye simu huchosha, kuzungusha meza nzima ili kutafuta jozi ni kazi. Ila jua kwamba simu haikupi uzito wa gramu 285 mkononi, na milimita mbili za shimo utazikuta siku ya meza ya kweli.

Mwenye meza ndogo nyumbani, ya futi 8 au 9, ambayo kwa kawaida hutumia mipira ya milimita 60, atafurahia Huru zaidi. Kwenye nafasi ndogo, nyumbani kwa Moscow panakuwa karibu na kila kitu, na adhabu ya umbali inayoupa mchezo huo ladha yake inapotea.

Na popote utakapocheza na mtu usiyemjua, kabla ya kupasua muulize mambo mawili. Svoyak ikiingia, wa rangi unarudi wapi? Na durak, yaani mpira ulioingia kwa bahati bila kukusudiwa, unahesabiwa au hauhesabiwi? Kwenye kumbi nyingi unahesabiwa, lakini kuna meza za marafiki zenye sheria zake, na ugomvi wa durak ukishaanza na matokeo yakiwa 7 kwa 7 hakuna mwamuzi wa kuumaliza.